Jina la Oleta Kwenye Jiwe

Iwekwe kwenye kumbukumbu kwamba Bi Oleta Ratliff hakumpiga Burl Hensley. Alimkamata kola tu, akamsukuma mpaka mgongo wake ukagonga malaika wa saruji, bawa la malaika likakatika, na Burl akapata mkwaruzo shingoni ambao jioni alimwambia mkewe ni wa paka. Hawana paka.

Burl ndiye mchonga mawe ya makaburi katika kaunti yetu, kule milimani Kentucky. Kosa lake siku ile lilikuwa kusema kwamba jina likishachongwa halifutiki kama chaki ubaoni. Oleta alitaka lake lifutwe. Jiwe lenyewe lilikuwa limesimama miaka kumi na saba kwenye makaburi ya kanisa la Baptisti la Lick Branch, likiwasubiri yeye na mumewe kwa uvumilivu. Upande wa kushoto: DENZIL RATLIFF, MUME MPENDWA, 1958, kistari, halafu nafasi tupu. Upande wa kulia: OLETA RATLIFF, MKE MPENDWA, 1961, kistari, nafasi tupu. Nusu ya watu wa Lick Branch wana mawe ya namna hiyo na huyapalilia wenyewe kila Mei, kila mtu na nafasi yake tupu.

“Sitalala chini ya ardhi karibu na mwanaume wa Annelore,” Oleta alimwambia Burl. “Chukua tindo lako, Burl. Nina haraka.”

Hapa inabidi nieleze Annelore ni nani, na nitaeleza kwa heshima zote anazostahili, kwa kuwa hajawahi kuwepo.

Denzil Ratliff alimuoa Oleta mwaka 1984, na miezi mitatu baadaye jeshi likampeleka Ujerumani kutengeneza vifaru. Aliondoka mume. Aliporudi Juni 1986 alikuwa mpangaji. Alikula mezani, akapasua kuni, akaziba paa, akamshika Oleta mkono kanisani, na usiku akageukia ukutani. Kitanda kikawa cha kulalia tu. Oleta alivumilia mwaka mzima, kisha akauliza kama kuna mwanamke. Denzil alifikiri kwa muda unaotosha kufunga kamba za kiatu kimoja, akasema ndiyo, yupo, kule Ujerumani, anaitwa Annelore.

Alilipata jina hilo kwenye kopo la biskuti.

Kwa nini mwanaume ajisingizie zinaa? Kwa sababu kwetu mwanaume mwenye mwanamke Ujerumani ni mwenye dhambi, na mwenye dhambi huombewa Jumapili na mambo yakaisha. Mwanaume asiye na nguvu za kiume hakuna anayejua amuombee vipi, na kwa sauti ya kiasi gani. Basi Denzil akachagua kuombewa. Miaka thelathini Oleta akaishi na yule mwanamke wa kopo. Alimuuliza Denzil nywele zake ni za rangi gani. Mwaka mmoja zilikuwa nyeusi, mwaka mwingine za dhahabu. Alimuuliza kama anajua kupika. Alipovunja sahani, alivunja kwa ajili yake.

Mwaka ule wa mkasa wa malaika, Oleta alikuwa amefungasha masanduku kwenda kwa dada yake Knoxville, safari isiyo na kurudi. Denzil, alipoona masanduku yako mlangoni, alikiri. Alisema hakuna Annelore. Alisema aliumizwa jeshini, pale pabaya, na tangu siku ile hawezi.

Oleta alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku.

“Miaka thelathini unaniambia yupo,” alisema, “leo unaniambia hayupo. Mdomo wako mimi siutaki tena. Niletee karatasi. Iandikwe na mtu ambaye hajawahi kunidanganya, ipigwe muhuri. Serikali ikisema uliumizwa, jina langu litabaki kwenye jiwe. Isiposema, Burl atalitoa.”

Akampa muda mpaka serikali ijibu, akaenda zake Knoxville. Maskini hakujua serikali hujibu kwa kasi gani.

Ofisi ya kusaidia askari wa zamani iko chini ya mahakama ya kaunti, kwenye chumba chenye bomba linalovuja, na hufunguliwa Jumanne na Alhamisi. Anayeketi humo ni Bi Marvella Tackett, aliyekuwa muuguzi wa jeshi, ambaye ameona sehemu za siri za wanaume wengi sana na hakuvutiwa na hata moja. Denzil alisimama mbele yake akazungumzia hali ya hewa, bei ya mbolea na magoti ya mbwa wake. Marvella akamngoja amalize, akatoa fomu, akasoma jina ambalo sheria imekipa kile kitu: kupoteza matumizi ya kiungo cha uumbaji. Denzil akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hicho ndicho.

Faili la jeshi lilipofika lilikuwa na mstari mmoja wa Februari 1985: *Alianguka kutoka kwenye kifaru. Uvimbe kwenye nyonga. Arudi kazini.* Daktari wa serikali alimpima, akaandika kwamba kuanguka kwa namna hiyo hakuwezi kuleta madhara ya miaka thelathini, na kwamba mzee ana sukari na anapenda sana nyama ya nguruwe. Dai likakataliwa. Marvella akakata rufaa. Miaka miwili ikapita.

“Bwana Ratliff,” Marvella alimwambia siku moja, “wewe hukuanguka.”

Denzil alikubali kwamba hakuanguka. Katika karakana yao ya vifaru kulikuwa na desturi: lolote walilotendeana watu mle ndani, lililoonekana nje liliitwa kuanguka. Mtu aliyevunjwa taya alianguka. Aliyechomwa kisu pajani alianguka juu ya bisibisi. Mganga wa kikosi alikuwa akiandika “alianguka” kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Denzil alipigwa kwa mtaimbo, ule mrefu wa kukazia minyororo ya kifaru, mzito kama mtoto wa miaka mitano.

“Nani alikupiga?”

“Harlan Stiltner.”

Marvella akaweka kalamu chini. Kaunti nzima inamjua Harlan Stiltner, hasa pua yake, ambayo imevunjwa mara nne na mtu mmoja.

Kila mwaka, Jumamosi inayofuata Siku ya Askari wa Zamani, ukumbi wao hukaanga samaki aina ya kambare, na kila mwaka, baada ya maombi na kabla ya keki, Denzil na Harlan hupigana. Hakuna aliyejua chanzo. Tulikuwa tumezoea kama watu walivyozoea kengele ya bweni. Mwaka 2004 Denzil alimpiga mwenzake usoni kwa sinia la chuma lenye samaki bado wanaochemka kwa mafuta, na Harlan akamjibu kwa kumzamisha kichwa kwenye beseni la kabichi, akamshikilia mpaka mapovu yakaanza kupungua. Mwaka 2011 Denzil aling'ata kipande cha sikio, na kipande hicho kilipatikana kwenye bakuli la maharage na mama mmoja mwenye uoni hafifu, aliyeuliza ni nani hajamaliza chakula chake. Damu ilifika kwenye picha za marais ukutani. Kamanda wa ukumbi huhesabu mpaka sitini, ndipo hupiga kengele, na mabwana hao hutengana, hufutana, na kila mmoja huenda na sahani yake meza ya mbali.

Baada ya lile sinia, Harlan mwenyewe alisimama, pua ikiwa imefungwa bendeji, akatoa hoja kwamba ngumi, meno na fanicha viruhusiwe, ila chuma kipigwe marufuku. Hoja ikapita bila kupingwa. Watu wakashangaa bondia anayetafuta adabu.

Marvella akamweleza Denzil sheria, polepole, kama unavyomweleza mtoto kuhusu waya wa umeme. Askari akiumia akiwa kazini, serikali inakubali ni jeraha la jeshi hata kama adui hakuhusika. Kuna tundu moja tu. Akiumia kwa ubaya alioutaka mwenyewe kwa makusudi, kwa mfano akianzisha vita, amejitakia, na rufaa imekufa. Kwa hiyo alihitaji mtu aliyekuwepo aseme kwa kiapo kwamba alipigwa, na kwamba hakuwa amefanya lolote.

“Ulikuwa umefanya lolote?” aliuliza Marvella.

Denzil akasema hapana. Alisema haraka mno, lakini bomba lilikuwa linavuja na pengine Marvella hakusikia vizuri.

Novemba, siku ya baridi ya kwanza ya kweli, Denzil alipanda bonde mpaka kwa Harlan. Harlan alikuwa anachinja nguruwe. Alikuwa amempiga risasi katikati ya macho na sasa alikuwa amepiga goti kwenye bega lake akizungusha kisu kooni, damu ikitoka kwa mikupuo na kuyeyusha umande ulioganda. Kando yake pipa la maji lilikuwa linachemka juu ya moto.

“Ratliff,” alisema bila kugeuka. “Umekosea siku. Sisi ni Jumamosi.”

“Sijaja kupigana. Nimekuja kukuomba kitu.”

Harlan alisema amechinja nguruwe miaka arobaini na amesikia wakisema mengi mwishoni, lakini neno hilo hajalisikia. Kisha akafuta kisu kwenye suruali, akangoja. Denzil akaeleza. Alieleza habari za jiwe, karatasi, jaji atakayeonekana kwenye kioo cha televisheni. Alipofika kwenye sababu yenyewe, kile mtaimbo ulichomfanyia, alikuwa anamtazama nguruwe. Harlan naye akamtazama nguruwe. Hakuwa amejua. Miaka thelathini na minne aliamini alivunja nyonga.

“Yaani tangu siku ile?” aliuliza.

“Tangu siku ile.”

“Na Oleta?”

“Oleta bado anaamini kuna mwanamke Ujerumani.”

Harlan akauliza jaji akitaka kujua kwa nini alimpiga aseme nini. Denzil akasema aseme hakuwa na sababu. Aseme alikuwa amelewa.

“Na Curtis je?”

“Curtis hayumo kwenye hili.”

“Wewe unataka ukweli, Ratliff, au unataka karatasi?”

Denzil alimjibu kwa ngumi ya mdomo. Jino lililobaki mbele likaingia ndani. Harlan akamtupa juu ya nguruwe, Denzil akateleza kwenye damu, akainuka na ndoo, akampiga nayo mbavuni, mbavu ikalia kama kijiti. Harlan akamkamata koo akamrudisha nyuma mpaka kwenye pipa, na mkono wake mwenyewe ukaingia kwenye maji yanayochemka mpaka kiwiko. Alipiga yowe lililowatoa kunguru bondeni. Hata hivyo hakuliachia koo. Hapakuwa na kamanda wa kuhesabu sitini, kwa hiyo walipigana mpaka walipochoka, na walichoka vibaya, kwa maana jumla yao ni miaka mia moja na ishirini na mbili.

Baadaye walikaa mgongo kwa mgongo, nguruwe akiwa kama mto. Ngozi ya mkono wa Harlan ilikuwa imeanza kuchunika kama soksi inayovuliwa.

“Nitakuja,” alisema. “Nitasema unachotaka.”

Kikao kilikuwa Januari, saa nne asubuhi, kwenye chumba kidogo mjini chenye meza, bendera, televisheni na katoni ya tishu. Jaji Feldhaus alikuwa kwenye televisheni, mwanamke mwenye miwani na kikombe. Denzil alivaa suti aliyomzikia mama yake. Marvella alikaa kulia kwake. Oleta alikaa nyuma, mkoba mapajani, mkoba ule wa ngozi wenye kufuli la shaba, na alikuwa ametoka Knoxville kwa basi ili kuona serikali ikimuumbua mumewe. Harlan alikuja mwisho, mkono umefungwa vitambaa, akaketi mbali.

Waliapa. Denzil alijieleza kwa sentensi fupi. Jaji akamuuliza, kwa upole wa mtu aliyeuliza swali hilo mara elfu, kama tatizo lake ni la siku zote au la mara kwa mara. Denzil alitazama bendera akasema ni la siku zote, mheshimiwa. Nyuma yake Oleta hakusogea.

Kisha Harlan akaitwa.

Iwekwe kwenye kumbukumbu kwamba alidanganya vizuri sana. Alisema alikuwa amekunywa tangu mchana. Alisema Sajini Ratliff alikuwa ameinama anakaza boliti, hana habari na mtu. Alisema yeye aliuchukua mtaimbo ukutani, akamwendea, na sajini alipogeuka akampiga kwa nguvu zake zote, hapa, akaonyesha kwa mkono mzima. Alimsikia akilia. Alimuona akijikunja sakafuni kwenye grisi, akitapika, na vijana wakambeba kwenye turubai, na mganga akaandika kwamba alianguka.

“Kwa nini ulifanya hivyo, Bwana Stiltner?” aliuliza jaji.

“Kwa ubaya tu, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyekuwa mtu mbaya mle ndani. Yeye hakunikosea kitu. Alikuwa mtu mwema.”

Halafu akafanya kosa. Akageuka, akamtazama Oleta, macho yamejaa huruma, akasema, “Bado ni mtu mwema, dada yangu.”

Rufaa ilikuwa imeshinda. Marvella alijua, kalamu yake ilikuwa tayari inapiga mstari chini ya neno. Kilichotakiwa kwa Denzil ni kukaa kimya kwa dakika nne, jambo ambalo amelifanya maisha yake yote. Marvella aliona shingo yake ikibadilika rangi, akamkanyaga mguu kwa kisigino, kwa nguvu ya muuguzi. Haikusaidia. Kupigwa na Harlan aliweza, amekuwa akipigwa naye kila mwaka na kurudi kuomba tena. Kuonewa huruma na Harlan, mbele ya Oleta, kwa uongo aliouomba mwenyewe, hakuweza.

Alivuka meza. Simaanishi aliizunguka. Suti ya maziko ilipasuka mgongoni, maji yakamwagika, bendera ikaanguka, na ngumi ikatua chini ya jicho la Harlan ikapasua ngozi mpaka mfupa ukaonekana mweupe. Kiti kikavunjika. Harlan alilala chali akainua mkono wake wa vitambaa na hakurudisha pigo. Hilo lilimtia Denzil wazimu zaidi. Akampiga tena, na tena, damu ikaruka ikachora mstari kwenye kioo cha televisheni, juu ya miwani ya jaji, ambaye huko aliko alirudi nyuma na kiti chake kana kwamba ingemfikia.

“Pigana,” Denzil alimwambia. “Pigana, mbwa wewe.”

“Sipigani tena,” Harlan alisema kupitia meno yasiyokuwepo. “Nimeshakumaliza siku nyingi.”

Hapo mikono ya Denzil ikaanguka. Alikaa sakafuni, juu ya vipande vya kiti, akaanza kusema, na kwa kuwa mashine ya kurekodi ilikuwa bado inazunguka, yote yameandikwa.

Alisema kulikuwa na kijana, Curtis Bledsoe, wa miaka kumi na tisa. Siku ile kijana alilegeza mnyororo wa kifaru bila kutoa taarifa, mnyororo ukaporomoka, ukakata ncha ya kidole cha Denzil, na hapo akakiinua kidole chenyewe ili jaji akione. Alisema alimkamata Curtis kwa nywele na ukosi. Akampigiza kichwa kwenye gurudumu la kifaru. Kijana aliomba radhi mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alikuwa anamwita mama yake. Mara ya tano hakuwa anasema kitu, na damu ilikuwa inatoka sikioni, na yeye Denzil alikuwa anajua kabisa kwamba anaua mtu, na hakuacha. Stiltner alipiga kelele amwache. Hakumwacha. Stiltner akachukua mtaimbo, akalenga mguu. Denzil akageuka ili ampigize kijana mara ya saba, na mtaimbo ukamkuta pale pabaya.

“Angekuwa hakunipiga,” alisema, “nisingekuwa na haja ya jiwe. Ningekuwa nimezikwa na jeshi, nimenyongwa. Sikuwa nimeinama nakaza boliti, mheshimiwa. Andika hivyo.”

Marvella alikuwa ameshika paji la uso. Jaji alivua miwani, akaifuta, ingawa damu haikuwa upande wake.

Oleta akainuka. Alitembea taratibu mpaka pale sakafuni, kila mtu akidhani anakwenda kumwinua. Aliuzungusha mkoba kwa mkanda wake na kumpiga nao kichwani, kufuli la shaba likaingia juu ya nyusi, damu ikamfunika jicho. Akampiga upande wa pili ili pasiwe na upendeleo.

“Miaka thelathini na tatu,” alisema, “nimemchukia mwanamke ambaye hajazaliwa. Nimejitazama kwenye kioo nikijiuliza yeye ana nini ambacho mimi sina. Nimekata nywele zangu kwa ajili yake, Denzil. Nikazipaka rangi ya dhahabu kwa ajili yake. Na ulikuwa unaniangalia.”

“Nilikuwa nakuangalia,” alisema Denzil.

Akampiga mara ya tatu. Jaji, akikohoa, aliuliza kama hilo nalo ni sehemu ya ushahidi. Marvella akasema ndiyo, mheshimiwa, mke anathibitisha. Oleta akachukua basi la saa nane.

Barua ilikuja mwishoni mwa Februari. Denzil hakuifungua. Aliiweka juu ya jokofu, akampigia simu shemeji yake Knoxville, akasema imefika, basi. Oleta alikuja siku ya pili na sanduku moja dogo, akaketi mezani na koti lake mwilini, akaifungua kwa kisu cha siagi.

Serikali huandika hukumu kwa mpangilio wa ajabu: kwanza wanaorodhesha yale waliyoyaamini kuwa ni ya kweli, halafu ndipo wanakwambia yamekusaidia au hayakukusaidia. Alisoma kwa sauti, kidole kwenye mstari.

Moja, kwamba mrufani alipigwa kwa mtaimbo wa chuma sehemu za siri, Februari 1985. Mbili, kwamba tangu siku hiyo mpaka leo mrufani amepoteza matumizi ya kiungo cha uumbaji, na hakuna sababu nyingine inayotosha kueleza. Tatu, kwamba jeraha lilitokana na ubaya wa makusudi wa mrufani mwenyewe. Rufaa imekataliwa. Muhuri. Sahihi.

Alisoma namba mbili tena. Halafu namba moja.

“Februari,” alisema. “Wewe uliniandikia barua mwezi wa saba mwaka ule. Kurasa nne. Unasema unanikumbuka usiku kucha.”

“Nilikuwa nakukumbuka.”

“Na ulikuwa umeshapigwa?”

“Nilikuwa nimeshapigwa.”

Oleta aliikunja barua kwa mikunjo yake ileile, akaitia mkobani, akafunga kufuli la shaba. Denzil aliinamisha kichwa kwa tahadhari. Lakini Oleta alisema tu achukue koti, na kwamba njiani wampitie Burl.

Burl, alipowaona, alisimama mbali na malaika wote. Kule makaburini theluji ilikuwa imeganda juu ya jiwe, Oleta akaipangusa kwa kiganja. Burl akauliza, kwa heshima, kama ndiyo siku ya kutoa jina la Bi Ratliff. Oleta akamwambia alete tindo na nyundo nzito na arudi nyuma. Akampa Denzil tindo alishike.

“Wapi?” aliuliza Denzil.

Akamwonyesha. Upande wa kushoto, chini ya jina lake yeye Denzil, mwanzo wa neno MPENDWA.

Denzil alipiga goti kwenye theluji, akaliweka tindo penye herufi ya kwanza, akalishika kwa ule mkono wa kidole kisicho na ncha. Oleta akainua nyundo kwa mikono miwili. Jiwe lilipiga cheche. Vipande viliruka vikamkata Denzil shavuni, na hakuuondoa uso. Herufi ya kwanza ikaondoka, ya pili, ya tatu. Pigo la nne lilitua kwenye kidole gumba, likapasua ukucha katikati, na damu ikatiririka mpaka kwenye kistari na ile nafasi tupu. Burl, mtaalamu, atakwambia ilikuwa bahati mbaya. Mimi naomba iwekwe kwenye kumbukumbu kwamba Oleta alilenga.

“Shika vizuri,” alimwambia. “Bado herufi nne.”

Denzil akashika vizuri.

Jina lake mwenyewe Oleta hakuligusa, wala MKE, wala neno lake la MPENDWA, ambalo alisema amelifanyia kazi. Upande wa mumewe sasa pameandikwa MUME tu, na baada yake kuna kovu jeupe lenye mikwaruzo, upana wa herufi saba. Burl alijitolea kulilainisha bila malipo ili lisiudhi macho ya waumini. Oleta alimgeukia, nyundo bado mkononi, na Burl akarudi nyuma hatua tatu akasema hata hivi lilivyo linapendeza.